Mita 402 za Uongo

Kila Jumamosi jioni Kisumu hakukosi mtu wa kukuambia gari lake linamaliza robo maili kwa sekunde 14. Ukimuuliza nani alipima, anakushangaa: "Omera, si ulikuwepo? Si uliona?" Niliona nini? Niliona taa nyekundu zikipotelea gizani, nikasikia ekzosti ikinguruma. Sekunde 14 sikuziona. Na yeye aliyekuwa ndani hakuziona pia.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waongo hao. Nina Toyota Mark X ya lita 2.5, na kwa karibu mwaka mzima nilitembea na sekunde 15 ambazo hakuna mashine iliyowahi kunipa. Kwa hivyo mtu asidhani ni mchungaji amekuja kuhubiria vijana. Napenda gari linaloenda. Ugomvi wangu ni huu: sisi tunaopenda mbio upande huu wa ziwa tunachoma pesa na kuhatarisha watu kwa sababu tunaogopa kupimwa, na wenye uwezo wa kutupa mahali pa kupimwa wanaona afadhali tuendelee kujificha. Nina maneno kwa pande zote mbili. Naanza na sisi.

Ukitoka Kisumu mjini kuelekea Busia, unapita njia ya uwanja wa ndege, unapita jela ya Kodiaga na soko la Otonglo, halafu unafika Kisian, ambapo barabara inagawanyika: moja inapanda Maseno, nyingine inakata kushoto kwenda Bondo. Huko kuna kipande kilichonyooka. Sitakielekeza vizuri zaidi ya hapo, maana sitaki mtu akitafute. Wanaokijua wanakijua.

Robo maili ni mita 402. Gari linasimama tuli, linaondoka, saa inahesabu mpaka mstari wa mwisho. Kwenye uwanja halisi unapewa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo kitu ambacho sisi hatujawahi kushika. Binamu yangu anafanya kazi Abu Dhabi. Kule, kwenye uwanja wa Yas Marina, kuna usiku ambapo mtu wa kawaida anaingia na gari lake la kuendea kazini, akapimwa, akarudi nyumbani. Binamu alinitumia picha ya karatasi ya mwenzake wa kazini. Mimi nilikuwa natafuta namba moja. Nikakuta msururu: muda wa mita 18 za kwanza, muda na kasi kwenye mita 201, muda wa mwisho, kasi ya kutokea. Na juu kabisa, muda ambao dereva alichelewa baada ya taa ya kijani, ambao hauhesabiwi kwenye muda wa gari hata kidogo, kwa sababu saa ya gari huanza magurudumu yanapoondoka.

Sasa sikiliza namba hizo zinavyoongea. Mita 18 za kwanza zinakupa habari za tairi, uzito na mguu wa dereva. Kasi ya kutokea inakupa habari za nguvu ya injini. Ukitoka na kasi nzuri lakini muda ni mbaya, injini haina kosa, ulipotea pale mwanzo. Muda na kasi vikiwa vibaya vyote viwili, ama nguvu haipo, ama kuna kitu kinakuvuta. Na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa kwenye zile mita 18 hukurudishia karibu mara moja na nusu, hata mara mbili, ukifika mwisho. Mtu anayejua hayo hawezi kuuziwa spea kwa maneno.

Halafu kuna hewa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 13 kuliko Mombasa, na injini isiyo na tabo inapumua kilichopo tu. Mark X iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 200 na ushei, hapa Kisian inabaki na 180 hivi kabla hujafungua boneti. Wa Nairobi wasitucheke, wao wako juu zaidi. Lakini tunasoma namba za gazeti la Japani, tunazibeba mpaka Otonglo kama zetu, halafu gari likikataa kuzifikia tunaenda kununua kitu.

Na hicho tunachonunua hatujakipigia hesabu. Nguvu na muda haviendi sambamba. Ukiongeza nguvu kwa asilimia 10, muda unapungua kwa asilimia 3 tu hivi. Kwa gari la sekunde 16, hiyo ni nusu sekunde. Na asilimia 10 kwenye injini isiyo na tabo haipatikani kwa kubadilisha bomba la moshi, bana, hata liwe na mdomo wa kuingiza kichwa.

Wakati huo huo, barabara inayoteremka mita moja kwa kila mita mia, mteremko ambao jicho haliuoni usiku, inampa gari kama langu robo sekunde ya bure. Wenzangu wanakimbia upande mmoja tu, kila wiki, wiki nenda wiki rudi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza gari akakimbia upande wa pili, akajumlisha, akagawanya kwa mbili. Kisa? Jibu tunalijua. Namba ingekua.

Mimi nilijua yangu siku niliyonunua kidude cha GPS kinachosoma mara 10 kwa sekunde. Simu ya kawaida husoma mara moja, usiiamini. Nikakibandika kwenye dashibodi, nikatoka alfajiri. Sekunde 17.3. Kasi ya kutokea, kilomita 131 kwa saa. Mita 18 za kwanza, sekunde 2.6. Zile sekunde 15 zangu zilikufa asubuhi hiyo, na nilikuwa peke yangu kwenye mazishi.

Nilifanya nini? Nilifanya anachofanya kila mtu: nilimpelekea fundi malalamiko badala ya kumpelekea namba. Nikamwambia gari limekuwa zito. Hakupima kitu, hakuchomeka kitu. Akaniambia dawa ni ea klina ya wazi na ekzosti pana. Shilingi 68,000 zikaenda. Gari likawa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na mimi nikawa na furaha ya siku nne. Siku ya tano nikapima. Sekunde 17.4. Kasi, 130.

Fundi simlaumu sana. Nilienda kununua sauti, nikauziwa sauti. Ninachokataa ni ile desturi yetu ya kumwita mtu fundi kwa sababu ana mkono mwepesi wa kufungua na kufunga. Daktari akikuandikia dawa bila kukugusa utamkimbia. Mbona wa gari tunamlipa?

Ndipo nikanunua kisomaji cha kuchomeka chini ya usukani, cha shilingi elfu moja na ushei, nikaanza kuliuliza gari lenyewe. Kwanza, ile ea klina ya wazi ilikuwa inavuta hewa iliyochemka ndani ya boneti. Nje kulikuwa nyuzi 29, hewa inayoingia kwenye injini nyuzi 58. Hewa ya moto ni nyepesi, na mimi nilikuwa nimelipia iwe nyepesi zaidi. Nikarudisha boksi la kiwanda. Pili, ile sensa inayopima hewa ilikuwa imeshika mafuta na vumbi, inaidanganya kompyuta. Dawa ya kuisafisha ni ya chupa moja.

La tatu halikuhitaji hata kisomaji. Niliendesha kilomita chache bila kugusa breki sana, nikasimama, nikazunguka gari nikiweka kiganja karibu na kila rimu. Tatu zilikuwa baridi. Ya nyuma kushoto ilikuwa moto wa jiko. Kalipa ilikuwa imekwama. Yawa! Miezi yote hiyo nilikuwa nashindana na breki imeshikwa, halafu nalipa watu waniongezee nguvu.

Baada ya hapo aibu zilifuatana. Upepo wa tairi ulikuwa juu sana kuliko kile kibandiko cha mlangoni, na tairi za nyuma zilikuwa ngumu kama kandambili za zamani. Rimu za inchi 19, nzito kuliko za kiwanda, nilizifunga ili nipendeze. Kwenye buti kulikuwa na woofer, amplifaya, jeki mbili, mtungi wa maji na sanduku la vyuma. Nilivipima kwa mizani ya magunia: kilo 62. Wenye uzoefu wanasema kilo 45 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nilikuwa nabeba abiria asiyelipa.

Kalipa, dawa ya sensa, plagi mpya, upepo, kurudisha rimu za zamani: haikufika shilingi 9,000. Tairi mbili za nyuma nilizitoa kwa pesa niliyopata nilipouza ile ekzosti kwa msee mwingine mwenye furaha. Mungu anisamehe.

Kwa hiyo sasa robo maili ni ngapi? Hapo ndipo hadithi inapokatika, na ndipo sababu ya kuandika haya ilipo.

Kati ya kipimo changu cha pili na siku nilipotengeneza breki, tulitoka tena Kisian. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, magari mawili. Mimi sikuwa dereva. Nilikuwa nimesimama mwisho na tochi, ndimi niliyepewa kazi ya kusema njia iko safi. Nikasema iko safi. Bodaboda ikatoka kwenye njia ya vumbi bila taa, imebeba mama muuza samaki na karai lake, wanawahi mashua.

Gari kama letu hutoka na kilomita 138 kwa saa, yaani mita 38 kila sekunde. Mpaka dereva aone, aelewe, mguu ufike kwenye breki, ni sekunde moja na nusu: mita 57. Kusimama kwenyewe ni mita nyingine 100 na zaidi. Kwa hivyo anayekimbia mita 402 anahitaji karibu mita 600 zilizo tupu, na lazima ajue ziko tupu kabla ya kuondoka. Nani ana mita 600 tupu Kisian? Hapo pana mama mboga, ng'ombe, tuktuk, watoto wa shule, trela la Busia. Sheria inampa gari dogo mwisho wa kilomita 110 kwa saa barabara kuu. Kwenye robo maili unazifikia ukiwa nusu ya njia, na ile nusu nyingine yote unaikimbia nje ya sheria, kwenye giza, kwa neno la mtu mwenye tochi.

Gari lilipiga gurudumu la nyuma la pikipiki. Mama aliangukia nyasi, akainuka akitetemeka, akatafuta karai lake kwanza. Kijana wa boda alivunjika mguu chini ya goti, mara mbili. Tulichanga. Tulichanga vizuri, mtu asiseme hatukuchanga. Lakini miezi mitano hakubeba abiria, na pikipiki ilikuwa ya mkopo. Wiki hiyo hiyo, kwenye grupu yetu ya WhatsApp, mtu akauliza: "Kwani ile raundi ilihesabiwa?"

Sikumjibu. Namjibu leo. Haikuhesabiwa, ndugu yangu. Hata moja haijawahi kuhesabiwa. Barabara ina mteremko usiojulikana, anayetoa ishara anapepea jaketi, anayepokea ana tochi, wa kwanza kuondoka ni yule aliyeotea. Tumemvunja mtu mguu kwa jambo ambalo hata lisingetokea ajali lisingetuambia kitu. Kama ungekuwa na hamu ya kweli ya kujua gari lako, ungeanza na kalipa.

Najua jibu la grupu. "Hizo namba ni za wazungu, gari unalihisi." Nililihisi langu mwaka mzima. Nilihisi sekunde 15. Ekzosti ikiongeza kelele mwili unahisi kasi, hiyo ndiyo kazi yake. Wengine watasema mambo ya uwanja na mitambo ya kupimia ni ya matajiri. Kinyume kabisa, jamani. Tajiri anaweza kubahatisha spea sita, ya saba ikampata. Mimi na wewe tunaohesabu elfu kwa elfu ndio tunaohitaji karatasi ituambie tusinunue.

Sasa wakubwa. Najua mnavyotuona: vijana wajinga, wafukuzwe. Mmetufukuza. Doria inapita, tunatawanyika, wiki mbili baadaye tumerudi. Hiyo si sera, ni mchezo wa paka na panya, na kwenye mchezo huo anayeumia ni mtu wa tatu aliyebeba karai.

Vijana wa California walikuwa hivi hivi baada ya Vita vya Pili. Walikimbizana barabarani, wakaua na wakafa, magazeti yakawalaani. Mwaka 1950, kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, wakapata mahali pa kukimbia kwa kulipia, na saa ya kweli. Mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, na moja ya sababu zake ilikuwa kuwatoa barabarani. Hawakuwa wema kuliko sisi. Walipewa lami, saa na sheria. Na hata wao wanajua umuhimu wa mahali pa kusimamia: mwaka 2008, Scott Kalitta alipokufa baada ya gari lake kushindwa kusimama, yale magari yao makali kabisa yalipunguziwa njia kutoka mita 402 hadi 305. Wenye uwanja, wavu na zimamoto walipunguza. Sisi tusio na hata mfereji salama tunaongeza.

Msiniambie Kenya haiwezi. Nchi hii ilianza Safari Rally mwaka 1953. Ilipopotea kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, serikali ilihangaika mpaka ikarudi mwaka 2021, Naivasha. Kufunga barabara, kuweka madaktari, kupanga watazamaji, yote yanajulikana. Na Kisumu yenyewe? Mwaka 2021 tulipokea Madaraka Day. Mwaka 2022 tulipokea Africities, wageni wa bara zima. Mji ukitaka kujipanga unajipanga. Mgeni akija tunaweza, ila mwenyeji akiomba ni fujo.

Ninachoomba ni kidogo. Jumapili moja kwa mwezi, saa nne za asubuhi. Kilomita moja ya lami iliyozungushwa, popote, hata iwe ndani ya eneo la kiwanda kilicholala. Mtu wa kukagua breki na tairi kabla gari halijafika mstarini. Helmeti. Ambulensi moja. Taa za kupimia muda. Tutozeni, tutalipa, kwani 68,000 za ekzosti zilitoka wapi? Halafu anayekamatwa Kisian usiku baada ya hapo, mfungeni, nami nitakuja kushuhudia.

Mtasema mnafundisha watoto mbio. Watoto wanajua mbio tayari. Wasichojua ni kusimama. Nilisimama kwenye foleni za kuchangia mguu wa mtu, sijawahi kusimama kwenye foleni ya kukaguliwa breki. Kalipa yangu iliyokwama ingegunduliwa asubuhi ya kwanza na mtu mwenye jeki na dakika tano.

Tangu alfajiri ile sijakimbiza gari barabarani. Kuna rafiki ana yadi yenye lami na geti la kufunga, mahali pa kutosha mita 18 na za kusimamia. Nilipima hapo. Kutoka sekunde 2.6 nimefika 2.4. Kwa hesabu ya kalamu, ukijumlisha mwanzo huo, kilo nilizoshusha na breki isiyoshika tena, robo maili yangu ni sekunde 16.5 hivi. Lakini makadirio si kipimo, nimeshasema. Ikija 16.9 nitaitangaza 16.9 kwenye grupu, na woofer yangu nitaiuza.

Yule kijana wa boda amerudi kazini. Juzi alinibeba kutoka Otonglo, anachechemea kidogo akishuka, na pikipiki sasa ina taa mbele na nyuma. Akaniuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko nyumbani, limepona.

"Linakimbia ngapi siku hizi?"

Nikamwambia ukweli. Sijui.